Mkono wa kulia wa Tatsuro Yamashita

SWALI: Shikamoo mzee. Rafiki yangu ananisumbua na albamu moja ya Kijapani, For You ya Tatsuro Yamashita. Anasema hicho ndicho kilele cha city pop, ule muziki wa pop wa mijini wa Japani wa miaka ya 1970 na 1980. Nimesikiliza nyimbo zake nilizozipata huku na huko mtandaoni, mara 3 sasa. Kijapani sijui. Kusema kweli nasikia muziki wa mapokezi ya hoteli: umenyooka, unang'aa, haumsumbui mtu. Plastic Love ya Mariya Takeuchi naipenda sana, lakini hii hainigusi. Nakosa nini? Au rafiki yangu amefuata mkumbo tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sikio lako halina ubovu, na rafiki yako naye hajafuata mkumbo. Hicho ulichokisikia kipo: albamu hii imesafishwa mpaka sikio linateleza juu yake kama mguu kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Mimi mara ya kwanza niliisikiliza nikiwa napiga pasi. Nilimaliza mashati manne nisikumbuke hata kibwagizo kimoja, na ilipita miezi kadhaa kabla sijairudia.

Tofauti yake na Plastic Love ni mahali pa kushikia. Wimbo ule una mpini wake nje nje: mwanamke aliyeumizwa ameamua kuyageuza mapenzi kuwa mchezo, na sauti ya Takeuchi imetulia kupita kiasi kwa maneno anayoyasema, hata asiyejua Kijapani anahisi kuna jambo linafichwa. For You haifichi jambo. Ukienda kuitafutia huzuni utarudi mikono mitupu. Mpini wake uko kwenye mkono wa kulia wa mpiga gitaa, na huo hauonekani mpaka uambiwe.

Fungua Sparkle, wimbo wa kwanza. Pale mwanzoni kabisa hakuna kitu isipokuwa gitaa moja la umeme, kavu, halina ukwaruzo wala mbwembwe. Ni Yamashita mwenyewe na Telecaster yake ya kahawia. Achana na tuni kwanza, sikiliza mkono. Katika upigaji wa namna hii mkono wa kulia hausimami, unashuka na kupanda juu ya nyuzi mara 16 katika kila mapigo manne, kama mama anayekuna nazi huku wageni wameshakaa sebuleni. Mwenye uamuzi ni mkono wa kushoto. Ukizibana nyuzi barabara kwenye shingo, gitaa linalia. Ukilegeza vidole bila kuvitoa juu ya nyuzi, zinatoa mchakacho tu, kavu kama wa kayamba. Kwa hiyo unachokisikia pale ni mfululizo wa milio na vinyamazo, na vinyamazo ndivyo vinavyokufanya utikise kichwa. Mwenye pupa angelijaza kila tundu. Yamashita anaacha matundu, na anayaacha pale pale kila mzunguko, bila kuchoka na bila kuharakisha.

Wewe ni mtu wa Tanga, mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa hiyo kazi ya gitaa la ridhimu sina haja ya kukufundisha. Ni lile gitaa ambalo wimbo ukiisha hakuna anayelitaja, lakini likikatika katikati ya wimbo wachezaji wanagongana. Sasa chukulia kwamba mpiga ridhimu ndiye mwenye bendi, ndiye mtunzi, ndiye mwimbaji, na ndiye anayepanga kila ala iingie wapi. Huyo ndiye Yamashita. Albamu yake imepangwa na mtu anayeusikia muziki kuanzia chini kwenda juu, ndiyo maana wewe uliyeusikiliza kuanzia juu, kwenye sauti na vinanda vinavyong'aa, umeona uso wa maji tu.

Baada ya gitaa hilo kuanza, dramu zinaingia, kisha besi, kisha matarumbeta. Mpiga dramu ni Jun Aoyama, kijana wa miaka ishirini na kidogo wakati ule. Mpiga besi ni Koki Ito. Na hapa ndipo utakapocheka: hao hao wawili ndio waliopiga Plastic Love, na aliyeipanga na kuitayarisha Plastic Love ni huyu huyu Yamashita, mume wa Takeuchi. Unapenda nyumba ambayo msingi wake umechimbwa na watu hawa, halafu unaniambia mafundi hawakugusi. Rudia Plastic Love leo usiku, safari hii mpuuze mwimbaji. Fuata besi na teke la dramu kubwa. Ukishazipata, hamia Sparkle pale pale kabla sikio halijapoa.

Aoyama, Mungu amrehemu (alifariki mwaka 2013), hakuwa mtu wa madoido. Msikilize anavyopiga ile ngoma ndogo ya kati. Kila pigo lina uzito ule ule, na linaangukia nyuma kidogo, nyuma ya pale unapolitarajia, ila si kwa kiasi cha kuuchelewesha wimbo. Gitaa linasukuma mbele, dramu zinakaa nyuma, na besi ya Ito inafunga kamba katikati. Huo mvutano ndio unaofanya muziki wenye furaha usiwe mwepesi. Muziki wa mapokezi ya hoteli hauna mvutano huo. Mashine inaweka kila kitu juu ya mstari. Hii ndiyo tofauti, na ukitaka kuihakikisha, piga makofi kufuatana na Sparkle, halafu piga makofi kufuatana na muziki wowote wa lifti. Viganja vitakuambia.

Sasa nikuonye kuhusu namna ulivyoisikiliza. "Huku na huko mtandaoni" ndiyo nusu ya tatizo lako. For You ilitoka tarehe 21 Januari 1982, miezi kadhaa kabla mashine ya kwanza ya CD haijaingia madukani Japani. Ilitengenezwa kwa ajili ya santuri na kaseti, vitu vyenye pande mbili, na aliyeitengeneza alizifikiria pande hizo. Katikati ya nyimbo kuna vipande vifupi vya sauti za binadamu peke yake, bila ala. Upande wa kwanza kuna viwili vinavyoitwa Interlude A, upande wa pili viwili vinavyoitwa Interlude B. Sauti zote hizo anaziimba Yamashita mwenyewe, anajirekodi juu ya kujirekodi mpaka anakuwa kwaya. Mchezo huo aliujua vizuri, maana mwaka 1980 alitoa albamu nzima kwa mtindo huo, On the Street Corner, akiimba nyimbo za Kimarekani za vijana wa kona za mitaani.

Vipande hivyo ukivisikia peke yake havina maana, ni kama kuokota ukingo wa kanga ukaacha mji. Katika mpangilio wake, vinafanya kazi ya mtu anayefungua na kufunga pazia. Upande wa kwanza: Sparkle inakurusha, Music Book inakupunga upepo, pazia, Morning Glory, pazia tena, halafu Futari inakulaza. Futari maana yake "wawili", na ni wimbo wa taratibu kabisa, wa kinanda na pumzi ndefu. Ukiufikia Futari kwa kuruka kutoka video moja hadi nyingine utauona mzito na mtamu kupita kiasi. Ukiufikia baada ya robo saa ya mikono isiyosimama, ni kiti.

Morning Glory ina kisa. Yamashita aliutunga kwa ajili ya Takeuchi, naye akaurekodi kwenye albamu yake Miss M ya mwaka 1980. Kisha mtunzi akauchukua akauimba mwenyewe hapa. Zitafute rekodi zote mbili uzilinganishe. Mimi nampenda zaidi bibie kwa sauti, na bwana kwa mdundo. Albamu ilitoka Januari, na Aprili mwaka huo huo wakaoana. Kwa hiyo ukifika upande wa pili ukakuta wimbo unaoitwa Hey Reporter!, utaelewa kelele zile zinaelekezwa kwa nani: waandishi wa udaku. Wimbo huo mimi huuvumilia tu. Ni mzaha wa mtu aliyekasirika, na mzaha wa hasira hauzeeki vizuri.

Lakini kabla yake kuna Love Talkin', na hapo naomba utulie. Una zaidi ya dakika 6 na umejengwa juu ya mzunguko mfupi unaorudi na kurudi. Mara ya kwanza nilidhani santuri imekwama. Mtu aliyezoea nyimbo zenye kupanda na kushuka atasubiri tukio, na tukio halifiki. Kinachofika ni kwamba baada ya dakika ya tatu unaanza kusikia mambo ambayo yalikuwepo tangu mwanzo: gitaa la pili limejibana kwenye kona, kinanda kinajibu neno moja tu, besi imebadilisha noti moja. Hiyo si hesabu ngeni kwako. Mtu aliyewahi kucheza dansi mpaka bendi ikakolea anaijua. Tofauti ni kwamba bendi zetu zikikolea zinaongeza moto, hawa wanaongeza nidhamu.

Loveland, Island, unaofungua upande wa pili, ndio rahisi kuliko zote. Ngoma za mkono, mdundo wenye damu ya Amerika ya Kilatini, jua. Sina la kuongeza, utaupenda bila msaada wangu. Na wimbo wa mwisho, Your Eyes, umeimbwa kwa Kiingereza, maneno yake yameandikwa na Mmarekani Alan O'Day, yule mwenye Undercover Angel iliyoshika namba moja Marekani mwaka 1977. Watu wengi wasiojua Kijapani huanzia hapo kwa sababu wanaelewa maneno. Mimi nakushauri umalizie hapo, kama ulivyowekwa.

Kuhusu lugha, usihangaike sana. Maneno ya Sparkle, Music Book, Futari na Love Talkin' yaliandikwa na Minako Yoshida, mwanamke ambaye mwenyewe ni mwimbaji mkubwa, na yeye haandiki hadithi. Anaandika mwanga. Katika Sparkle kuna miungu wa kike wanaokusanyika kutoka bahari saba, na ukigusa nguo zao ulimwengu unafunguka. Hivyo tu. Ukitafsiriwa neno kwa neno utabaki na kilo moja ya mng'aro mkononi. Maneno yale yamechaguliwa ili yakae vizuri mdomoni juu ya gitaa, na hiyo unaisikia bila kamusi.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wasikilizaji wapya, na nadhani nawe limekupitia. Kila mtu mtandaoni anasema city pop ni muziki wa Japani ya mapesa, ya kile kipindi bei za viwanja Tokyo zilipopaa wakanywa na kusaza. Hesabu haziendi. Kupaa kule kulianza kama 1986, baada ya makubaliano ya sarafu ya mwaka 1985, na kukaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990. For You ni ya 1982. Imetengenezwa na nchi iliyokuwa na kipato kizuri na magari yenye kaseti, ndiyo, na Walkman ya Sony ilikuwa imetoka miaka miwili na nusu nyuma, Julai 1979. Lakini muziki huu umeandikwa na watu waliokuwa bado wanatafuta. Ukiusikia kama muziki wa matajiri waliolewa, utasikia hoteli. Ukiusikia kama kazi ya vijana wenye njaa ya kupiga vizuri kama wale waliowasikia kwenye santuri za Marekani, masikio yanabadilika.

Njaa hiyo ilikuwa ya kweli. Yamashita alizaliwa Tokyo mwaka 1953, akaanza na bendi iliyoitwa Sugar Babe pamoja na Taeko Ohnuki. Wakatoa albamu moja tu, Songs, mwaka 1975. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Akafunga safari kwenda New York na Los Angeles kurekodi Circus Town, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, ajionee kwa macho wale mabwana wanafanyaje. Zikafuata albamu ambazo wajuzi walizipenda na maduka hayakuzihangaikia. Kilichomtoa ni tangazo la kaseti. Mwaka 1980 wimbo wake Ride on Time ulitumika kwenye tangazo la televisheni la Maxell, naye mwenyewe akaonekana humo, nywele ndefu, bahari nyuma yake. Maxell hizo hizo ambazo sisi tulikuwa tunazitunza kama dhahabu, tunaziba vitundu vyake kwa karatasi ili turekodi juu ya zilizorekodiwa. Kwenye albamu ya Ride on Time ndipo Aoyama na Ito walipokaa naye sawasawa, na ilipofika For You, wale watu walikuwa wamekwisha kuwa mwili mmoja. Albamu ikashika namba moja Japani. Mwanzo wa Sparkle nausikia kama mtu aliyefika mlangoni akiwa na hakika watamfungulia.

Halafu angalia kichekesho: Januari. Albamu ya jua, bahari na upepo wa kiangazi imetoka katikati ya baridi ya Tokyo. Jalada lake, kazi ya mchoraji Eizin Suzuki, lina anga ya buluu isiyo na huruma na jengo la mtindo wa Kimarekani la pembeni mwa barabara, vivuli vimekatwa kama kwa mkasi. Kiangazi kile hakikuwepo nje ya dirisha. Kilibuniwa chumbani, kwa umakini wa fundi saa. Kwetu sisi wa pwani, ambao jua ni kitu cha kukimbilia kivulini, hili linachekesha kidogo, na pengine ndilo linalokufanya uione albamu kama picha ya kalenda. Ichukue hivyo hivyo, kama ndoto ya kiangazi ya mtu aliyevaa sweta.

Suzuki huyo huyo alikuwa akichora majalada ya jarida la FM Station, ambalo vijana walilinunua kwa ajili ya ratiba za redio. Siku zile redio za FM za binafsi Japani zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Watu walikuwa wanakaa na kidole kwenye kitufe, wanasubiri wimbo uanze waurekodi, wanaomba mtangazaji asiongee juu yake. Wewe ni kijana, lakini muulize baba yako habari za kuvizia vipindi vya salamu. Atakusimulia mpaka usiku. Na jarida lile lilikuwa na lebo nzuri za Suzuki za kukata na kupachika kwenye kaseti. Albamu hii iliishi hivyo, kwenye kaseti za nyumbani, ndani ya magari.

Naam, magari. Ikiwa nyumbani kwenu kuna gari lililoshushwa kutoka Japani, unaijua ile redio ambayo FM yake inaanzia 76 na kukomea 90, mpaka fundi akufungie kile kidude cha kushusha masafa ndipo uzipate stesheni za hapa. Ule ndio mkanda wa masafa uliobeba muziki huu kwao. Mimi nina rafiki aliyekataa kabisa kufungiwa kidude; anasema anasubiri redio ikumbuke kwao. Mwendawazimu, lakini ninamwelewa.

Swali ambalo hukuniuliza ila utaniuliza: kwa nini huipati albamu nzima kwenye mitandao ya kusikilizia muziki? Kwa sababu mwenyewe kwa miaka mingi amekataa kuiweka huko. Ulichokipata pengine ni cha mashabiki, na mara nyingi kimebanwa hadi mchakacho wa gitaa umefutika, wakati mchakacho ndio niliokutuma uusikilize. Matoleo halali yapo. Kuna CD iliyosafishwa upya ya mwaka 2002, na Mei 2023 ilitolewa tena kwa santuri na kwa kaseti. Ukiwa na ndugu anayesafiri, CD ndiyo isiyovunjika wala kukwaruzika kirahisi kwenye sanduku. Ukipata, usitumie spika ndogo ya simu. Tafuta hedifoni za waya za kawaida, au spika zenye besi ya kweli, na usipandishe besi kwenye mashine. Ito hahitaji kusaidiwa.

Na ukifanya haya yote, ukaipa wiki mbili, bado ukasikia hoteli? Basi hamia Sunshower ya Taeko Ohnuki, 1977. Ina mipasuko na kiza ambacho For You haina, na kwa mtu aliyeingilia mlango wa Plastic Love pengine hiyo ndiyo chumba chako. Timely!! ya Anri, 1983, iache mpaka ukizoea jua.

Lakini anza na rafiki yako. Mtu anayekusumbua hivyo bila shaka ana nakala nzuri. Nenda kwake jioni, umwombe aweke upande wa kwanza wote, na umwambie mapema kwamba asiseme neno mpaka Futari iishe. Atashindwa. Ikifika Sparkle atakushika bega akuonyeshe pale dramu zinapoingia. Mwache akuonyeshe.